Kiti Kilichopakwa Sandarusi

Usafi unataka kunigharimu uchumba, na bado naendelea kuulipia.

Mimi hung'oa meno hapa Bagamoyo. Mzee Mwinshehe, ambaye nimemposa bintiye, alituma neno kwamba gego linamuua, ila hakalii kiti chenye damu za watu. Nikakisugua kiti kwa mchanga na ndimu; madoa yakagoma. Basi nikayeyusha sandarusi, huu utomvu mgumu tunaowauzia Wahindi, nikakipaka, ili damu ipanguswe kwa kitambaa tu. Asubuhi nilikigusa mara mbili, kikavu. Jua la adhuhuri sikulipigia hesabu.

Mzee akaketi, nikashika koleo, gego likatoka. Hakutikisika hata kidogo! Nikawageukia wapagazi waliosimama kutazama: "Mnaona mkono mwepesi? Baba mkwe hata hajipindi!"

"Sijipindi kwa kuwa siwezi, mwanaharamu we!" akafoka, damu mdomoni.

Akajing'oa kwa nguvu. Yeye akasimama, nyuma yote ya kanzu ikabaki kitini, imenaswa na sandarusi iliyolainishwa na jua.

"Fundi," mpagazi mmoja akauliza, "na hiyo umeitoa na mzizi wake?"

Sasa nishaurini, jamani: nitangulize kanzu mpya, au niipeleke pamoja na mahari?