Mwanangu alifaulu kipimo cha watoto, sasa namwonea wivu aliyefeli

Admin, nifiche vizuri, maana kwenye lupango letu, yaani ua tunaoishi pamoja na ndugu, wote wanasoma ukurasa huu. Nina miaka 29, naishi Kalemie na mume wangu na mtoto wetu wa kiume wa miaka miwili na nusu. Lupango hilo hilo anaishi mdogo wa mume wangu na mke wake, Mama Neema. Mtoto wao Neema na mwanangu wamepishana wiki mbili tu kwa umri.

Nitasema ukweli: Mama Neema namwonea wivu tangu aolewe. Mama mkwe anamsifia hata akipika sombe, yale majani ya muhogo, lenye mchanga. Kituo cha afya kilipoanza kupima watoto, kuona kama wanacheza na kusema kadiri ya umri wao, yeye alienda kwanza. Alirudi analia. Neema alishindwa kupanga vipande vinne vya mbao, na hakuwa na neno hata moja. Alinieleza maswali yote, na mimi moyoni nilikuwa nacheka.

Mwanangu naye alikuwa hasemi kitu. Lakini kipimo kile nilikichukulia kama mtihani wa shule. Nilikata sabuni vipande vinne, wiki nzima nikamzoesha kuvipanga. Siku yetu ilipofika akapanga mbao zote bila shida.

Muuguzi akaniuliza, "Mama, mutoto anasemaka maneno mbili pamoja?"

"Ndiyo. Anasemaka 'mama, mayi'. Hapa anaogopa tu watu."

Akaandika kwenye fishi, ile karatasi ya kipimo, kwamba mtoto yuko sawa. Nilipika kuku, na Mama Neema nikamkatia paja kwa mkono wangu. Kiburi gani kile!

Sasa kila Jumatano Neema anaitwa kituoni. Wanamchezesha, wanamfundisha mama yake namna ya kumsemesha. Mwanangu hakuitwa, si alifaulu? Juzi Neema alisimama mlangoni kwangu akaniambia, "Mama, mayi." Anaomba maji, kwa maneno yale yale niliyoyatunga. Mwanangu alikuwa pembeni, naye ana kiu. Akanivuta mkono kuelekea ndoo, kimya.

Niliwapa maji wote wawili, nikaingia ndani nikalia kwa wivu na aibu.

Nikikiri, mume wangu na mama mkwe watajua kuku yule alichinjwa kwa uongo. Jumatano ni keshokutwa, na nataka nimpeleke mwanangu kituoni pamoja na Neema. Wenzangu, nishaurini: nitamwambia nini muuguzi, na njiani nitamtazamaje Mama Neema?