Mupepo Haijue Mukubwa

Siku ile naikumbuka kwa baridi yake, mwanangu. Baridi ya kiangazi cha Kolwezi unaijua: moshi wa makaa unalala chini, na wewe unapulizia viganja. Tulikuwa kwenye uwanja ulio nyuma ya kilima cha mawe ya mgodi, barabara ya Nzilo, tukishindanisha ndege zetu ndogo, zile zisizo na mota, unazoziongoza kutoka chini kwa telekomande. Klabu ile ilikufa zamani. Ninyi mnaifufua, nami nashukuru. Lakini umeniletea karatasi ya kanuni niipitie, na mstari wa kwanza unasema: wakubwa watatangulia kurusha. Basi keti, weka simu chini.

Mstari kama huo niliuandika mimi kabla hujazaliwa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, binti pekee katika klabu, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri wakanipa kazi ya kutunga kanuni. Eh, mwandiko mzuri! Mwamba ngozi huvutia kwake, na mimi nilivuta.

Niliandika kwamba kila mtu atarusha mara moja, peke yake, na atakayekaa hewani muda mrefu kuliko wote, mpaka dakika kumi, ndiye mshindi. Zamu zifuate umri, wakubwa kwanza. Watu walinisifu kwamba naheshimu wazee. Kanisani tata mmoja, baba wa makamo, alimwambia mama yangu, "Ule mutoto mulimukomalisha muzuri." Mimi nikainamisha macho kwa adabu.

Nilijua nilichofanya, usinitafutie udhuru. Asubuhi hewa imekufa. Ndege isiyo na mota haipati cha kuishikilia, inashuka tu. Mchana, jua likishachoma yale mawe, hewa ya moto inapanda, mwewe wanazunguka bila kupiga bawa, na hata ndege ya mjinga inakaa juu. Na mdogo kuliko wote katika klabu nilikuwa mimi.

Mkubwa kuliko wote alikuwa Tata Mulumba, fundi mstaafu, mtu wa Kasai kama sisi. Yeye ndiye aliyenifundisha kugandisha bawa kwa gundi, na kurusha majani makavu ili nijue upepo unakoelekea. Macho yake yalikuwa yanazimika, na daktari alikuwa amemwambia hayatarudi. Alituambia waziwazi: "Nabakia na mwaka moya tu. Nataka jina yangu iandikwe pa kombe mbele sijakuwa kipofu."

Alirusha jua likiwa ndiyo kwanza linatoka. Aliiongoza vizuri, mwanangu, vizuri kuliko nilivyowahi kuona, ikashuka polepole ikatua miguuni pake. Dakika tatu. Zamu yangu ilifika mchana, mwewe wako juu, na nikakaa dakika zote kumi nikitafuna karanga. Nikapewa kombe. Tata Mulumba alipiga makofi pamoja na wengine.

Tulipokuwa tunafunga vitu akanisogelea. "Ngalula, asubui ulinipatia heshima, ao ulinipatia baridi?"

"Tata, bakubwa njo banatangulia," nilimjibu, na sauti yangu mwenyewe niliichukia.

"Pa meza, ndiyo. Lakini mupepo haijue mukubwa. Mwenye kugawa bukari pa sahani, achukue kipande ya mwisho. Rudia kuandika, na uandike sawa vile mutu mwenye hajue zamu yake itaangukia wapi."

Nilirudia. Miezi mingi nilichana karatasi. Mwisho niliandika hivi: watu wanne warushe pamoja, katika hewa moja, na makundi yapatikane kwa kuchota vizibo vya chupa vyenye namba ndani ya sufuria. Atakayekaa muda mrefu zaidi katika kundi lake apate alama elfu, wenzake wapimwe kwake: aliyekaa nusu ya muda wake apate nusu. Kisha vizibo vichotwe upya, raundi baada ya raundi, na raundi mbaya kuliko zote ya kila mtu ifutwe, maana telekomande humfia yeyote.

Kiangazi kilichofuata Tata Mulumba alikuja. Alichota kizibo, akaangukia kundi langu. Ndege yake ilipanda vizuri, kisha nikamsikia akiuliza taratibu, "Iko wapi?" Nilimwelekeza kwa mdomo, kushoto tata, juu ya kile kilima, naye akageuza uso huku na huku. Ilienda yenyewe mpaka ikaanguka kwenye mawe.

Nililia mbele za watu. Akanishika bega. "Nyamaza. Leo nimeshindwa kwa haki. Ile ya mwaka jana njo yenye iliniuma."

Kanuni ya haki niliiandika, ndiyo. Niliiandika wakati macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda. Kombe lile ninalo, na sijathubutu kulisafisha.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Labda wewe umeandika kwa moyo safi, lakini hewa ya asubuhi haitauliza moyo wako. Heshima ya mkubwa ni kumpa kiti na maji ya kunywa. Kwenye mashindano, mpe hewa ileile unayoitaka wewe. Na haki usiiahirishe, kuna wanaoisubiri ambao muda wao ni mfupi. Chukua kalamu, ufute ule mstari wa kwanza hapahapa mbele yangu.

Mungu akulindie macho yako. Na kila kalamu itakapotaka kuvutia upande wako, auzidishie mkono wako uzito.