Mtungi Uliosuguliwa

Jumamosi nilimsindikiza mtafiti wa chachu hadi Mwankoko, kwa mama mpika pombe ya mtama. Mtungi wake ulikuwa haujawahi kuoshwa tangu enzi za bibi yake. Mtafiti alitaka kuotesha maabara chachu iliyoganda humo mtungini, aone urithi wake umebadilikaje kizazi hadi kizazi. Tulituma salamu mapema. Tukakuta mtungi unang'aa.

"Shikamoo mama. Chachu iko wapi?" mtafiti akauliza.

"Marahaba. Nimeisugua kwa mchanga na maji ya moto. Mgeni wa chuo kikuu nimpokee na uchafu?"

"Sasa pombe utaichachusha na nini?"

Akanyanyua paketi ya hamira ya ng'ambo. "Siku hizi imejaa madukani."

Mtafiti alishika kichwa. Chachu iliyovuka njaa, ukoloni na operesheni vijiji imeuawa na heshima kwa mgeni.