Mama Alitafuta Kina Tu

Mama aliuza samaki katika soko la Masese, na mwisho wa juma aliimba kwenye harusi za Waislamu mjini Jinja, yeye na wenzake watano na madufu yao. Nyimbo alizitunga mwenyewe huku akipara samaki. Mimi, wa miaka tisa, nilimhesabia mizani kwa vidole.

Wakati huo jeshi ndilo lililotawala. Mdogo wake baba alikuja kututembelea siku mbili, akakaa miezi saba. Alilala kitanda changu, akala minofu tukabakiwa na vichwa. Baba alikuwa dereva wa lori, safarini daima. Mama hakumgombeza shemeji yake. Alitunga wimbo:

Mgeni wangu wa juzi, leo ndiye mwenye mji,
Kala nyama na mchuzi, mwenye nyumba anywe maji.

Wanawake harusini walicheka mpaka machozi. Kila mmoja alikuwa na mgeni wake. Wimbo ukafika hadi kijiji cha Wanyange. Kwanza mama alijaribu "mwenyeji", silabi ikapungua moja, ndipo akaweka "mwenye mji". Nilikuwapo. Nilihesabu mimi.

Asubuhi moja askari wawili walimfuata sokoni.

"Wewe mama, hii mugeni ya wimbo ni nani?"

"Ni shemeji yangu, afande."

"Unadanganya. Nani iko na mji hapa? Si sisi?"

"Nilitafuta kina tu, afande."

"Kina ni nani? Iko wapi? Lete yeye pia!"

Wakamburuta hadi nyumbani. Shemeji yake alikuwa mkekani, bakuli la uji mkononi.

"Shemeji, waambie wimbo ule ni wako," mama alimsihi.

"Mimi si mgeni, afande," akajibu. "Hapa ni kwa kaka yangu. Nyimbo zake sizijui."

Hata bakuli hakuliweka chini.

Askari walimweka mama kambini siku nne. Alirudi na vidole viwili visivyokunjika, na dufu hakulipiga tena. Baba aliporudi alimfukuza mdogo wake, kisha akatuhamishia Mbale, kwa dada yake mama, chini ya mlima Wanale.

Vita vya kuuondoa utawala ule wa jeshi vilipokwisha, wakubwa wapya waliandaa tamasha Mbale. Nilikuwa tayari nasomea ualimu. Ofisa mmoja aliyeujua wimbo ule alimpandisha mama jukwaani, akamzawadia blanketi, akaanza kutufundisha sitiari.

"Mgeni ni dikteta! Mji ni taifa! Maji ni machozi ya wananchi!"

Mama akashika kipaza sauti. "Mgeni alikuwa shemeji yangu," akasema.

Watu wakashangilia. Ofisa akacheka. "Mmesikia? Mpaka leo mama anafumba!"

Sijui nilipandaje jukwaani. Nilimpokonya kipaza sauti. "Wale walimpiga kwa sababu hawakumwamini," nikasema. "Na wewe humwamini. Tofauti yenu ni makofi tu. Vidole vyake umeviuliza?"

Waliniteremsha kwa kunishika kwapani.

Njiani mama alinikaripia. Mtu mzima hanyang'anywi kitu mkononi mbele za watu, alisema. Nani kanilea hivyo? Nikamwambia tulitupe blanketi lao mtaroni.

"Ulitupe wewe umelinunua? Huku kwetu kuna baridi."

Nikajitwika blanketi kichwani, nikatangulia mbele yake mpaka nyumbani.