Spiriti Mgongoni

Siku yangu ya kwanza kazini Metroni hakuniuliza jina. Alinusa mikono yangu. Nilikuwa nimesimama katikati ya wodi ya wanaume, gauni limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, vyeti vyangu viko ndani ya bahasha, nikidhani ndivyo atakavyovitaka kwanza. Hakuvitazama. Alichukua mikono yangu yote miwili, akaipeleka puani, akairudisha.

"Bado huna harufu ya kazi," akasema. "Chukua trei ya migongo."

Ninyi vijana mnaosomea uuguzi pale Chimwaga, kwenye madarasa yenye feni, trei hiyo hamkupata kuiona. Ilibeba chupa ya spiriti, kopo la poda, beseni, sabuni na taulo. Asubuhi na jioni nesi alizunguka nayo kitanda kwa kitanda. Kila mgonjwa asiyeweza kujigeuza alioshwa mgongo, kisha tukamsugua kwa spiriti, na kwa nguvu, kila mahali mfupa unapokaribia ngozi: mabegani, nyongani, visiginoni, na hasa pale juu kidogo ya makalio. Shuleni tuliambiwa kwamba kusugua kunaita damu na spiriti inakaza ngozi, hivyo kidonda cha kulalia hakitatokea. Kidonda hicho humpata mtu aliyelalia upande mmoja kwa muda mrefu, uzito wake mwenyewe ukaikaba nyama mpaka ikafa. Huanzia ndani, karibu na mfupa, na ukikiona juu ya ngozi ujue umechelewa.

Tulipomaliza, Metroni alipita. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wauguzi wote wa hospitali. Alifunua shuka, akainama, akanusa mgongo wa mgonjwa. Ukinukia spiriti, alikwenda kitanda cha pili. Usiponukia, nesi alirudia wodi nzima, hata kama zamu yake imekwisha na wenzake wamekwishavua viatu.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa ya wilaya, huku kwetu nyanda za kati, na miaka ya ruksa ilikuwa imeshika kasi. Mitumba ilijaa minadani, maduka ya dawa yalichipua kila kona, na serikali ilikuwa imeanza kutuambia kwamba haiwezi tena kubeba kila kitu. Metroni alikuwa amelelewa kazini na masista wa misheni, wale wasiocheka. Sitamsingizia. Hakuwa mvivu, hakuwa mwizi, na dawa ya mgonjwa haikutoka wodini kwake kwenda kuuzwa mtaani. Mhudumu akikosekana, alijifunga aproni akabeba mabeseni mwenyewe. Ndiyo maana hasira yangu kwake ni kubwa. Kwa mvivu ningesema ndivyo alivyo, nikaendelea na safari yangu.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa kozi ya kujiendeleza. Mwalimu wetu alikuwa mama mfupi mwenye sauti nene, na siku moja aliweka chupa ya spiriti mezani akauliza nani anajua kazi yake. Tukanyoosha mikono darasa zima. Akatuacha tueleze weee, mpaka tukamaliza, kisha akasema watafiti walikwishalifuatilia jambo hilo kwa wagonjwa, na walichokiona ni kinyume. Pale nyama ilipoanza kuchoka, ukiisugua unaipasua zaidi ndani kwa ndani. Spiriti nayo inakausha ngozi ikachanika upesi. Kinachomwokoa mgonjwa ni kuondoa uzito mahali pale, yaani kumgeuza kila baada ya saa mbili, kushoto, kulia, usiku na mchana.

Niliona aibu, kisha nikaona hasira. Nilihesabu moyoni migongo niliyoisugua, nikaacha, maana haikuhesabika.

Hata huo utafiti wenyewe ulinikera. Vitabu vilisema mwuguzi atafute wekundu kwenye ngozi. Wekundu gani, kwenye mgongo wa Mgogo aliyeshinda juani na ng'ombe tangu utotoni? Nilimwuliza mwalimu. Akacheka kwa uchungu, akasema waliochunguzwa walikuwa weupe, kazi ya kuuleta utafiti kwenye ngozi zetu ni yetu. Akatufundisha kutumia nyuma ya kiganja: unapapasa taratibu na kulinganisha mahali na mahali. Palipo na joto kuliko jirani yake, au pamekuwa pagumu, au pamelainika kama embe lililogongwa, hapo ndipo hatari ilipo. Huo ndio utafiti kazini, vijana wangu. Haukamiliki mpaka mkono wako umgeukie mgonjwa uliyenaye.

Nikarudi hospitalini nimejaa. Nikamkuta Metroni ofisini kwake, nikamweleza kwa heshima zote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Zaituni," akasema, "mimi nimesugua migongo kabla wewe hujaota meno. Huo utafiti wako umekuja na watu wa kugeuza wagonjwa, au umekuja peke yake?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na ndilo lililoniuma. Nilipokuwa kozini wahudumu wa wodi walikuwa wamepunguzwa kazini, wengine siku moja na barua moja. Kumsugua mtu, nesi mmoja anaweza. Kumgeuza mwanaume aliyepooza kunataka wawili, na kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini Metroni hakuuliza ili tutafute jibu. Aliuliza ili ninyamaze.

Jibu lililetwa na Ndahani. Alikuwa kijana mrina asali, aliyeanguka kutoka juu ya mti alikokuwa amepanda kuufuata mzinga, akavunjika uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu. Aliletwa na mdogo wake na mkewe, Mama Sechelela, ambaye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Walipiga kambi nje ya uzio pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine, wakipika ugali wa uwele na mlenda. Nikawaita wote wawili kitandani, nikawaonyesha: mmoja anashika mabega, mwingine nyonga, mnavuta shuka kwa pamoja, mnaegemeza mgongo kwa blanketi lililokunjwa. Mchana walijua saa kwa kengele ya shule ya msingi iliyokuwa jirani. Usiku nikawaza nitawapa nini, maana saa ya ukutani ilikuwa imekufa siku nyingi.

"Saa mimi sina, sista," Mama Sechelela akasema. "Nina huyu."

Akamgusa mtoto. Kila Sechelela alipoamka kunyonya, baba yake naye aligeuzwa. Kichanga hakisahau njaa. Nilipapasa mgongo ule kila zamu, na kila zamu haukuwa na joto wala ugumu. Uwele uliokuwa unachipua nje ya uzio ulitoa masuke, mwanaume wa watu amelala vile vile bila kidonda. Ndahani mwenyewe alianza kunitania, "Sista, nageuzwa kama muhogo wa kuchoma. Nitaiva lini?" Alikuwa anajifunza kukaa. Seremala wa hospitali alikuwa ameahidi kumtengenezea kiti cha magurudumu kwa baiskeli mbovu, na Ndahani alikuwa amekwishapanga kwamba atakaa nacho mnadani auze asali wanayorina wenzake.

Metroni alijua. Mgongo wa Ndahani haukunukia spiriti, na kichanga wodi ya wanaume kilikuwa kinyume cha kila kanuni aliyoijua. Alinikaripia, lakini alinivumilia, labda kwa sababu naye alikuwa akiona kwamba ngozi ni nzima.

Kisha ikaja habari ya wageni. Wakubwa kutoka wizarani walikuwa wanazungukia hospitali kutazama usafi. Asubuhi ya siku hiyo Metroni aliamuru ndugu wote watolewe nje ya geti, moto wao uzimwe, na kila mgonjwa alazwe chali, uso mlangoni, shuka limenyooshwa bila kunyanzi mpaka kifuani. Wodi nzima ilisuguliwa spiriti.

"Metroni, huyu hawezi kulala chali kutwa," nikasema.

"Wageni wanakuja saa nne. Saa tano watakuwa wameondoka."

"Na wakichelewa?"

"Zaituni, usiniaibishe leo."

Saa nne ikapita, na saa sita. Nikamgeuza Ndahani mwenyewe, nimemkumbatia kwa nguvu zangu zote. Metroni akaingia, akamwamuru nesi mwingine amrudishe chali, na mimi akanitoa wodini nikapange maua getini. Pale getini nilimkuta Mama Sechelela na shemeji yake wamezuiwa na askari. Mtoto aliamka akanyonya, akalala, akaamka tena. Kila mara mama yake alinitazama. Mpaka leo nikikumbuka macho yale nasaga meno.

Wageni walifika jua linatua. Hawakuingia hata ndani. Walisimama mlangoni, mkubwa wao akavuta pumzi, akasema, "Hii ndiyo hospitali. Inanukia hospitali." Wakapiga makofi, wakaenda kula. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Siku ile mgeni alikuja, na mwenyeji akaanza kuoza.

Nilikimbilia kitandani na kuweka nyuma ya kiganja juu ya makalio ya Ndahani. Palikuwa na moto. Palikuwa pagumu kama soli ya kiatu. Tulirudi kumgeuza, lakini nyama ilikuwa imekwishakufa ndani. Baada ya siku chache ngozi ilifunguka, kidonda kikachimba mpaka mfupa, homa ikapanda, na dawa tulizokuwa nazo hazikuifikia. Alifariki kabla uwele haujavunwa. Kiti kilikuwa kimekwishawekwa magurudumu.

Mama Sechelela alikuja kuniaga. Hakulia mbele yangu. Alisema, "Sista, ulituambia tukimgeuza hatapata kidonda. Tukamgeuza. Sasa mbona mlitufukuza?"

Alisema "mlitufukuza". Kwake yeye, mimi na Metroni tulivaa gauni moja.

Nilikwenda kwa Mganga Mkuu nikadai jambo lile lizungumzwe kwenye kikao, liandikwe, na ndugu waruhusiwe kusaidia kugeuza. Alizungusha kalamu yake mezani. "Bi Zaituni, funika kombe mwanaharamu apite. Hospitali imesifiwa juzi tu."

Sikufunika. Nikasema kikaoni, mbele ya Metroni, kwamba Ndahani ameuawa na shuka lililonyooshwa. Mwezi haukuisha nikapewa uhamisho kwenda kituo cha afya huko Chemba, ambayo enzi hizo haikuwa wilaya. Walidhani wamenitupa. Huko hakukuwa na Metroni, na spiriti ilikuja kwa nadra. Nikawafundisha ndugu wa kila mgonjwa aliyelala, wafugaji na wakulima, wengi Kiswahili chao cha kuungaunga lakini mikono yao haikuhitaji mkalimani. Nilikaa Chemba mpaka nikaota mvi. Kidonda cha kulalia nilikiona kikiletwa kutoka kwingine. Kwangu hakikuanzia.

Sasa nimestaafu, niko Chang'ombe ya huku kwetu, na vijana huniuliza kama bado nina hasira. Ninayo. Naambiwa eti zamani watu hawakujua. Uongo. Tulijua. Utafiti ulikuwepo, ulikuwa umefika mpaka kwenye kichwa cha nesi mmoja wa wilaya, ukakwamia mlangoni kwa mtu aliyependa harufu kuliko mgonjwa. Utafiti haufi kwa kukosa vitabu. Hufa kwa sababu anayejua hana amri, na mwenye amri hataki kuonekana kwamba jana alikosea. Ninyi mtakaopewa funguo za wodi kesho, hasira yangu nawaachieni muitumie.

Mwaka huu, Neema, binti wa Metroni, alinifuata nyumbani. Mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kulia umekufa, na mdomo umekwenda upande. "Shikamoo mama. Nisaidie, nasikia ulifanya kazi naye." Niliitikia salamu, nikafunga mlango, nikaenda. Hasira nilikwenda nayo vile vile.

Nilimkuta amelazwa chali, shuka limenyooshwa mpaka kifuani. Chumba kizima kilinukia spiriti.

"Namsugua asubuhi na jioni," Neema akasema kwa fahari. "Mwenyewe ndiye anayenielekeza."

Nikapitisha nyuma ya kiganja chini ya mgongo wake. Palikuwa na joto. Bado hapakuwa pagumu, hatukuwa tumechelewa. Metroni alinitazama kwa lile jicho zima, akakusanya mdomo kwa taabu.

"Su... gua," akasema.

"Sisugui, Metroni."

Nikamwita Neema ashike mabega, mimi nikashika nyonga, tukamgeuzia upande, nikaegemeza mgongo kwa mto. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Chumba cha pili kichanga kikaanza kulia, na Neema akataka kukimbilia.

"Huyo wako?" nikauliza.

"Ndiyo, mama. Usiku hanipi usingizi, anaamka kunyonya kila mara."

"Basi saa unayo. Kila akiamka kunyonya, bibi yake naye anageuzwa. Usisubiri kupambazuke."

Akasimama mlangoni na mtoto kifuani, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hii nzuri. Mliisomea wapi, mama?"

Nikamtazama Metroni. Jicho lake halikubanduka kwangu, na nilijua kwamba anakumbuka.

"Mwulize mama yako," nikasema. "Mwanamke mwenye kichanga aliyetufundisha, yeye ndiye aliyemfukuza nje ya geti."