Jirani na Pikapu Yake

Miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria, jirani yangu muuza mbolea alinunua pikapu, akasahau kuwa ana miguu. Mimi niliendelea kukimbia alfajiri, polepole, hadi Msamala na kurudi. Kwetu Songea mtu mzima akikimbia, watu huuliza nani kafa. Basi kila aliponikuta alipunguza mwendo: “Mwalimu, nani kafa leo?” Abiria wake walicheka. Nilikimbia zangu tu; pumzi zangu si za kugawia wapumbavu.

Sasa sote tuna wajukuu. Mimi bado nakimbia, polepole vilevile. Yeye ana presha na sukari, na daktari kamwamuru atembee kila siku. Anatii. Asubuhi huendesha gari hadi uwanja wa mpira ulio nyuma ya nyumba yake, anauzunguka kwa miguu mara moja tu, na gari analiacha linaunguruma.