Sufuria Juu ya Antena

Silvesta alishuka garini pale mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe, amejikunyata kwa baridi. Shemeji yake Haruni hata salamu hakumpa.

"Leo umeleta kipokezi kizima, au kipofu kama kile?"

Haruni, aliyemwoa dada yake, ndiye fundi wa mnara wa simu wa hapo. Silvesta yuko karakana ya Makambako, anapima vipokezi vinavyopokea majira ya saa kutoka kwenye satelaiti, maana minara isipokwenda kwa saa ileile, maongezi ya watu hukatikia njiani. Tangu ujana wake huanza kwa sala, kisha hukiweka kipokezi kipya kando ya kile kinachoaminika mpaka mapigo ya saa ya vyote viwili yaende pamoja. Sasa kimoja alichokipitisha kilikuwa kimegoma Njombe, na mkuu wao, mama Cresensia, amekuja mwenyewe kuamua kama kazi ya kupima abaki nayo.

Silvesta akatazama nguzo ya antena ya kipokezi, kule mbali na miti ya misindano. Juu yake ilikuwa imefungwa sufuria.

"Haruni! Umeifunika kama mche wa parachichi?"

"Mvua ya mawe ya huku unaijua wewe?"

"Itaonaje mbingu humo ndani? Dada yangu anakosa chombo cha kupikia, mimi nakosa kazi!"

"Mke wangu usimtaje!"

Sufuria ikashushwa, na satelaiti zikaanza kupatikana. Mama Cresensia akamgeukia Haruni kwa ukali, na Silvesta, Mungu amsamehe, akafurahi. Akalinganisha mapigo na kile kipokezi cha kuaminika alichokuja nacho. Kile cha mnara kilikuwa bado nyuma, kidogo tu.

Akaufuata waya kwa macho hadi nguzoni. Ishara ya saa huchelewa ikipita kwenye waya, kwa hiyo kipokezi lazima kiambiwe urefu wa waya wake. Huu ulikuwa mrefu, na yeye alikiachia ule mfupi wa karakana. Akinyamaza, hakuna atakayemuuliza.

"Mama, na mimi nimekosea. Urefu wa waya sikuubadilisha."

Haruni akapiga paja. "Si nilisema!"

"Nyamaza wewe wa sufuria," mama akamkatiza. "Silvesta, kupima utaendelea. Ila kila kipokezi utakimalizia mnarani penyewe, Haruni akikusimamia."

"Huyu?" wakasema wote wawili.

Silvesta akarekebisha urefu, mapigo yakakutana. Haruni akamtupia sufuria miguuni.

"Mpelekee dada yako. Ila chai kwangu hupati, utanywa huko Makambako."